Jumanne Ambayo Dada Hakufua

Saa mbili asubuhi mashine ya kufulia haikuunguruma.

Najua unasema, sasa hiyo nayo ni habari? Ngoja kwanza.

Dada yangu Verna anafua Jumanne. Mimi nafua Alhamisi. Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka tisa, bila kuruka hata wiki ya Krismasi. Mwaka ule theluji ilipofunika madirisha yake yote, alifua. Siku tuliyomzika binamu yetu, alifua kwanza ndipo akavaa nguo za msiba.

Sasa Jumanne hiyo ya Februari mwenzenu nimekaa jikoni na kikombe changu cha kahawa, masikio yamenisimama, nasubiri.

Saa mbili na robo, kimya.

Saa mbili na nusu, kimya.

Na nikaanza kuogopa, kwa sababu nilijua kitu ambacho hakuna mtu mwingine aliyekijua. Karibu miaka miwili nilikuwa nimemwachia dada yangu hewa ya sumu chumbani kwake. Kwa mkono wangu mwenyewe.

Naitwa Arlys. Nina miaka sitini na miwili. Nilipika chakula cha watoto wa shule hapa Nordby, Iowa, kwa miaka thelathini na mmoja. Sikuolewa, na usiniulize.

Verna ananizidi miaka sita. Nyumba aliyotuachia mama ni moja. Mimi naishi juu, yeye anaishi kwenye vyumba vya chini ya ardhi. Kila nyumba ya kwetu inavyo vyumba hivyo, vya kukimbilia kimbunga kikija na kuwekea chupa za bitiruti. Kwake kuna jiko dogo, bafu, na mlango wa nyuma wa kutokea.

Kati yetu kuna ngazi kumi na tatu. Ukishuka zote unafika chumba cha kufulia, hapo pana mashine na friza, mali yetu wote. Mbele yake kuna mlango wa Verna.

Mlango huo sikuugusa miaka tisa. Na yeye wa kwangu hakuugusa.

Tulichuniana, ndugu zangu. Hatukusalimiana hata ya kuzugia watu. Kanisani yeye alikaa mkono wa kushoto, mimi mkono wa kulia, mchungaji katikati akijifanya haoni. Kama kulikuwa na jambo la lazima tuliandikiana kikaratasi tukakibandika kwenye friza. "Gari la taka linakuja kesho. A." "Fundi wa mashine ya joto amepita. V." Basi, mawasiliano yameisha.

Chanzo chake? Bakuli.

Usicheke.

Kanisani kwetu kukiwa na msiba, kina mama tunaleta chakula. Na kila mtu anabandika utepe chini ya bakuli lake, umeandikwa jina, ili likishaoshwa limrudie mwenyewe. Mama alikuwa na bakuli moja la kioo la kuokea. Tangu niko mtoto lilikuwa na utepe umeandikwa "Gudrun", kwa mwandiko wake.

Siku ya kumzika mama nilikuwa naosha vyombo pale kanisani. Nikaligeuza lile bakuli. Utepe wa mama haupo. Upo mpya, umeandikwa "Verna".

Nikashindwa kujizuia. Nikasema mbele ya wanawake wote waliokuwa wanafuta vikombe, "Mama hajalala kaburini hata saa mbili, wewe umeshambandua."

Verna akafuta mikono yake taratibu. Akasema, "Na wewe ulikuwa wapi alipokuwa anakata roho?"

Nilikuwa shuleni. Walinipigia simu kwamba mama anazidiwa, na mimi nikasema ngoja niwamalizie watoto kupakua. Sahani mia tatu. Nilipofika nyumbani alikuwa ameshafunikwa uso. Verna alikuwa naye peke yake.

Aliposema vile, wale wanawake wote wakainamia vikombe. Mimi nikavua aproni nikaondoka. Hatukuongea tena.

Sasa turudi kwenye sumu.

Udongo wa kwetu unatoa gesi inaitwa radoni. Haina harufu, haina rangi, wala haikuwashi macho. Inapenya kwenye nyufa za sakafu na kujaa chini. Ukiivuta miaka na miaka inaweza kukuachia saratani ya mapafu, hata kama hujawahi kushika sigara.

Dawa yake ni rahisi. Wanatoboa sakafu ya chini, wanapitisha bomba jeupe hadi darini, na feni inainyonya ile gesi kutoka ardhini na kuitupa nje juu ya paa. Pita mtaa wowote wa Nordby utayaona mabomba yamechungulia.

La kwetu tuliliweka Verna alipofiwa na mumewe akaja kuishi chini kumuuguza mama. Linapita pembeni ya kitanda chake. Ukutani pale kuna kijibomba kingine kidogo, kimepinda mfano wa herufi U, kina maji mekundu ndani. Feni ikiwaka, maji yanapanda upande mmoja na kushuka upande mwingine. Feni ikizimwa, maji yanalingana. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kukisoma.

Feni yenyewe iko darini, juu ya kitanda changu mimi.

Ilipozeeka ikaanza kelele. Siyo kelele ya kukuamsha, hapana. Ni mngurumo mmoja usioisha, unaingia kwenye sakafu, unaingia kwenye meno. Ningeweza kumwita fundi. Lakini feni ni mali ya wote, ingebidi tukubaliane, na kukubaliana ni kuongea. Nikajikausha.

Halafu ikaja dhoruba ya Aprili, karibu miaka miwili kabla ya Jumanne ile. Mchana kweupe umeme ukakatika, feni ikanyamaza.

Nikamsikia Verna.

Kumbe muda wote ule mngurumo ndio uliokuwa unamficha. Kwenye sakafu yangu kuna matundu ya kupandishia hewa ya joto, na kupitia pale nilimsikia vizuri kabisa. Alikuwa anatafuta tochi huku anaimba wimbo wa Jumapili, anakosea maneno pale pale anapoyakoseaga tangu tukiwa watoto. Nikasimama katikati ya sebule na soksi zangu, sipumui.

Umeme ukarudi. Feni ikaunguruma. Dada yangu akapotea tena.

Nilivumilia dakika kumi. Kisha nikapanda darini nikachomoa waya.

Nilijiambia ni siku moja tu.

Siku ya tatu alikuwa anasali kabla ya kula. Verna anasali kwa sauti kubwa, utadhani Mungu ana matatizo ya masikio. Akaombea mvua, akaombea mwanawe Loren aliyeko Phoenix. Halafu akasema, "Na Arlys huko juu."

Hivyo tu. Na Arlys huko juu. Kisha nikasikia kijiko kikigonga sahani.

Ilitakiwa nishuke dakika ile ile. Unajua nilifanya nini? Nilivuta kiti nikakisogeza karibu na tundu, nimsikie vizuri zaidi.

Nikawa mtu wa kukaa pale. Asubuhi nasikiliza redio yake ikitaja bei ya mahindi. Mchana anagombana na miche yake ya nyanya dirishani. Jumanne mashine inaunguruma. Jioni anacheka peke yake na vipindi vya televisheni, na mimi nacheka juu bila kujua kinachochekesha. Nilikuwa mpweke kiasi hicho, sioni haya kukwambia. Kuna wiki nzima zilipita sikuongea na binadamu yeyote, isipokuwa kumwambia mtu wa dukani asante.

Nilijua gesi inajaa? Nilijua. Nilijiambia wiki ijayo narudisha waya. Nilijiambia dirisha la bafuni kwake huwa analifungua. Nilijiambia mengi, na kila wasiwasi niliupatia jibu.

Halafu mwezi wa kumi na mbili akaanza kukohoa.

Kikohozi kikavu, hakina makohozi, hakiishi. Nikakisikiliza wiki mbili. Nikakisikiliza mwezi. Kila asubuhi nilishika ngazi ya darini, na kila asubuhi nikaiachia, kwa sababu feni ikiwaka nisingemsikia tena akikohoa. Na kama nisingesikia, ningejuaje kama amepona, au amezidiwa, au ameanguka?

Nisome tena hapo nilipoandika. Ndiyo. Niliacha sumu imfikie ili nisikie kama imemfikia. Akili ya mtu aliyekaa peke yake muda mrefu inaweza kukupeleka huko, na njiani ukaona kila kitu kiko sawa.

Basi, Jumanne ile.

Saa tatu ilifika, hakuna mashine, hakuna redio, hakuna kikohozi. Nikavaa koti nitoke niende zangu maktaba. Nikalivua. Nikaosha kikombe kilichokuwa kimeshaoshwa. Ilipofika saa tatu na nusu nikapiga moyo konde, nikashuka.

Nikagonga mlango wake. Kimya. Nikaufungua.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Begi kubwa la safari limesimama karibu na mlango wa nyuma, limefungwa. Verna hayupo.

Mezani kulikuwa na karatasi mbili.

Ya kwanza ilitoka maabara. Mwezi wa kwanza maktaba yetu huwa inagawa vikopo vya kupimia radoni, na kumbe Verna alichukua kimoja akakiweka chumbani, kisha akakituma. Kwetu wanasema kipimo kikifika nne urekebishe nyumba. Chake kilisoma ishirini na mbili.

Ya pili ilitoka kliniki. Walimpiga picha ya kifua kwa ajili ya kikohozi. Iliandikwa kuna doa kwenye pafu la kulia na apigwe picha kubwa zaidi.

Nikaisoma mara mbili. Nikashika ukuta, na hapo ndipo nikakiona kile kijibomba cha maji mekundu.

Maji yamelingana.

Na pembeni yake, ukutani, kwa penseli, mwandiko wa dada yangu: "16 Aprili. Arlys kazima."

Nikakaa kwenye kiti cha kwanza nilichokiona. Nilitaka kulia, machozi hayakuja. Alijua. Tangu siku ya kwanza kabisa alijua, na kila asubuhi alifungua macho akatazama yale maji.

Nikasikia gari nyuma. Mlango ukafunguliwa, Verna akaingia na koti lake la kijani, theluji kwenye buti.

Akanitazama. Akatazama karatasi. Akanitazama tena.

"Umekaa kwenye kiti changu," akasema.

Maneno ya kwanza baada ya miaka tisa.

"Hukufua," nikamjibu.

Akavua glovu, moja, kisha ya pili.

Nikanyoosha kidole ukutani. "Ulijua."

"Siku ile ile. Umeme ulivyorudi maji yakapanda. Haikufika robo saa yakalala tena. Nikasema, huyo Arlys kapanda darini na magoti yake yale."

"Sasa mbona hukusema?"

"Mbona wewe ulizima?"

"Kelele," nikasema.

"Muongo."

Alilisema bila hasira. Akakaa kitandani na koti lake, akasubiri. Verna anajua kusubiri, mama alikuwa hivyo hivyo.

"Ikiwaka sikusikii," nikasema. Sauti ilinitoka ndogo mpaka mwenyewe nikaona aibu. "Ikizimwa nakusikia. Nakusikia ukiimba. Nakusikia ukisali."

Akatazama buti zake. Theluji ilikuwa inayeyuka kwenye zulia, na Verna si mtu wa kuacha theluji iyeyuke kwenye zulia.

"Saa kumi na mbili na nusu kila asubuhi," akasema, "unashusha miguu yako kitandani. Puu, puu, kama mtu anayeshusha magunia. Halafu unakwenda kwenye birika, hatua kumi na moja. Nikisikia hivyo najua umeamka mzima. Feni ikiwaka sisikii kitu."

"Ungeniandikia karatasi, dada."

"Ningekuandikia ungewasha. Halafu?"

"Halafu ungekuwa unavuta hewa safi."

"Navuta hewa safi, na sijui huko juu kuna mtu au kuna maiti." Akakohoa, akajifuta mdomo. "Siku nisiposikia miguu yako nilikuwa nimepanga kupanda."

"Ungepanda kweli?"

"Ningepanda."

Hapo sasa machozi yakaja. "Nimekuua, dada yangu."

"Usijipe sifa," Verna akasema. "Bado nipo."

Nikamuuliza, "Umetoka kliniki?"

Akaangalia lile begi karibu na mlango. Nami nikaliangalia. Nikadhani ni begi la kulazwa.

"Nipishe kwenye kiti changu," akasema. "Nataka kutengeneza kahawa."

Siku ile ile nikarudisha waya. Feni ikapiga ukelele mmoja, ikatoa harufu ya kuungua, ikafa.

Tukamwita Delbert, fundi wa mabomba haya, mtu mnene ambaye nilimpakulia viazi alipokuwa darasa la tatu. Akapanda darini, akashuka na feni mkononi.

"Hii ilianza kelele lini?" akauliza.

"Zamani kidogo," nikasema.

"Zamani kidogo ni lini, bibie?"

"Miaka saba," Verna akasema.

Delbert akatutazama, mmoja mmoja. "Beringi za kuzungushia zimelika zote humu. Feni za siku hizi hazina sauti kabisa, unaweza kulala nayo kitanda kimoja. Ni kazi ya saa moja. Kwa nini hamkuniita?"

Mimi nikaichukua ile feni mbovu mkononi mwake. Verna akashika birika.

"Mnataka kahawa?" Verna akamuuliza, ingawa Delbert alikuja peke yake.

Feni mpya ikawashwa. Kweli haikuwa na sauti. Tulijua inafanya kazi kwa sababu tulisimama bega kwa bega mbele ya kile kijibomba tukaona maji mekundu yakipanda upande mmoja. Verna akachukua penseli, akaandika tarehe chini ya ile ya kwanza. "Imewashwa," akaandika. Hakufuta ile ya juu.

Tukabaki tunasubiri picha kubwa. Wiki tatu.

Wiki tatu hizo nilishuka kila asubuhi. Tulikunywa kahawa mezani kwake. Hatukuongea mambo mazito, tulisema habari za hali ya hewa na nani kauza shamba. Usiku sikulala vizuri, nikawa namuomba Mungu kimya kimya, nikamtaja kwa jina, Verna huko chini.

Siku ya majibu nilimwendesha mwenyewe. Daktari akageuza ile picha ya kompyuta tuione.

"Mlikulia shambani?" akauliza.

"Ndiyo."

"Mlifuga kuku?"

Tukatazamana. "Mia mbili," Verna akasema.

"Nani alikuwa anasafisha banda?"

"Sisi," tukasema pamoja.

Akatueleza kuna ukungu unaota kwenye mavi ya ndege, mtu anauvuta na vumbi, pafu linapigana nao, linashinda, linabaki na kovu. Watu wengi wa kwetu wanalo na hawajui. Doa la Verna lilikuwa kovu la zamani, gumu kama jiwe, la miaka hamsini na zaidi. Na kikohozi kilitokana na vidonge vyake vya presha. Akambadilishia.

Nikauliza kuhusu radoni. Ilibidi niulize. Daktari hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema gesi ile inafanya kazi yake polepole sana, leo haonekani na kitu, lakini hakuna anayeweza kuniahidi ya mbele. Atapigwa picha kila mwaka.

Tukaingia kwenye gari, tukatoka mjini. Kisha Verna akasema, "Kuku wa mama," na tukaanza kucheka, tukacheka mpaka nikaegesha pembeni ya barabara, kisha tukalia.

Ungedhani hadithi imeishia hapo. Mimi pia nilidhani hivyo.

Lakini sikilizeni jinsi watu wa kwetu tulivyo. Tulipokuwa na cha kusubiri tulisubiri pamoja. Kilipoisha, sikujua tena niseme nini nikishuka. Asubuhi moja sikushuka kwa sababu ya baridi. Asubuhi ya pili kwa sababu ya kwanza sikushuka. Wiki mbili baadaye kikaratasi kikarudi kwenye friza. "Chumvi ya kuyeyusha barafu njiani imeisha. V."

Hakuna aliyenuna, jamani. Ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Hatukuwa na ugomvi, tulikuwa tu kila mtu kwake.

Na feni mpya haikuwa na sauti, kwa hiyo nilimsikia tena. Nilisogeza kiti changu kwenye tundu lile lile. Nikakaa. Niliposikia anasali na kusema "Na Arlys huko juu," nilihisi upweke kuliko hata ile miaka tisa, kwa sababu sasa sikuwa na wa kumlaumu.

Asubuhi moja ya Aprili nikaamka kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Nikatazama dari.

Sikushusha miguu.

Siwezi kukuambia nilikuwa nafikiri nini. Nilitaka tu kujua. Mtu akisema atapanda, atapanda?

Saa ikafika. Chini nikasikia kijiko kinazunguka kwenye kikombe.

Kikasimama.

Redio ikazimwa.

Kimya kikawa kirefu, na mimi nimelala chali, blanketi mpaka kidevuni, mwanamke mwenye zaidi ya miaka sitini anacheza mchezo wa kitoto. Nikaona aibu. Nikasema haji. Nikasema na akija nitamwambia nini.

Halafu mlango wake ukafunguliwa.

Ngazi. Moja. Ya pili. Ana goti bovu, kwa hiyo kila ngazi anaweka miguu yote miwili. Nikazihesabu zote kumi na tatu. Mlango wa juu ukafunguliwa, ule ambao miaka yote hakuugusa. Akapita jikoni kwangu. Akasimama mlangoni pa chumba changu na gauni lake la kulalia, simu mkononi, pumzi zimemwishia.

"Arlys."

"Abee."

"Umekufa?"

"Hapana."

"Unaumwa?"

"Hapana."

Akaizima simu. Nikasubiri matusi. Nilistahili.

Badala yake akaja akakaa ukingoni mwa kitanda changu, akaweka simu kwenye shuka.

"Jumanne ile," akasema, "kliniki nilikuwa nimeshakwenda Jumatatu."

Sikuelewa.

"Sikuwa na miadi. Sikuwa na pa kwenda. Nilitoka ulipokuwa unaoga, usinisikie, nikaenda kuegesha nyuma ya kanisa nikakaa kwenye gari na injini inawaka nisigande. Sikufua makusudi." Alikuwa anaongea na dirisha, siyo na mimi. "Nilitaka kuona kama utashuka."

"Na lile begi?"

"La kwenda Phoenix kwa Loren. Ndege ilikuwa Jumatano. Nilijiambia nikirudi nikakukuta chini, nabaki. Nisipokukuta, naondoka, na sirudi tena Iowa mpaka mmoja wetu azikwe."

Nikaketi kitandani. Nilikumbuka lile koti nililolivaa. Nilikumbuka kikombe kisafi nilichokiosha mara ya pili. Nilikuwa mlangoni kabisa, natoka kwenda maktaba.

"Ulikaa muda gani kwenye gari?"

"Zaidi ya saa mbili."

"Mimi nilishuka saa tatu na nusu."

"Ilipofika saa tatu nilikuja mpaka kona ya mtaa. Nikageuza, nikarudi kanisani. Nikasema ngoja nikuongezee nusu saa," akasema dada yangu. "Nakujua ulivyo mzito."

Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi na una harufu ya kahawa. Hatukusema kitu kingine chenye maana asubuhi ile, ila hakurudi chini mpaka saa sita, na kabla hajaondoka alinikosoa mapazia.

Siku hizi tunakunywa kahawa pamoja, yeye akipanda leo, mimi nashuka kesho. Asubuhi nyingine hatuna la kusema, tunakaa hivyo hivyo. Picha ya mwaka huu imetoka safi. Ya mwakani hatuijui. Bakuli la mama bado analo yeye, na mimi sijasema nimelisamehe.

Nimeandika haya kwa sababu moja. Mimi na dada yangu tuliona bora tuvute sumu kuliko mmoja wetu kutangulia kusema neno. Hatukuwa watu wabaya. Tulikuwa kila mtu anamsikiliza mwenzake, na kila mtu anasubiri.

Kama nyumba yako ina bomba, katazame maji leo. Yakilingana, washa feni.

Na kama kuna mtu mnachuniana chini ya paa moja, usikae kusikiliza kama amefua. Shuka. Mimi niliongezewa nusu saa bila kujua.